Tupeane uzoefu: uliihamishaje TV yako kutoka bendi ya Wi-Fi ya gigahezi 2.4 kwenda ya 5?

Mwanzisha uzi

Wakuu, salaam. Kwa miezi kadhaa TV ya sebuleni imenitesa. Filamu inaanza vizuri, dakika kumi hivi, halafu picha inaingia ukungu na kale kaduara kanaanza kuzunguka. Simu yangu, nikiwa nimekaa kwenye kochi lilelile, inapima megabiti 80 kwa sekunde. Nikawapigia watoa huduma, nikaongezewa kasi, nikawa nalipa zaidi kila mwezi. TV ikaendelea kuganda vilevile.

Juzi nikaingia kwenye setingi za ruta, ambayo inarusha Wi-Fi kwa njia mbili za mawimbi (ndizo bendi: gigahezi 2.4 na 5), na kufungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa na bendi ya kila kimoja. Simu: 5. Kompyuta: 5. TV: 2.4. Na hukohuko kwenye 2.4 ilikuwa imebanana na taa za kuwashia kwa simu, kamera ya mlangoni, printa na spika. Bendi zote mbili zilikuwa na jina moja, kila kifaa kinajichagulia, na TV ilichagua vibaya.

Nikazipa bendi majina mawili tofauti, nikaiambia TV isahau mtandao wa zamani, nikaandika nywila upya kwa rimoti, herufi moja moja. Usiku ule tuliangalia filamu mpaka majina ya waigizaji yakapita mwishoni, haikusimama hata mara moja.

Imeniuma kulipia kasi ambayo TV haikuwa na njia ya kuipata. Tupeane uzoefu ili mwingine asipitie hapo. Kifaa gani kilikusumbua, kilikuwa bendi ipi, na kama kiligoma kuhama, tatizo lilikuwa nini?

Mama wa Wawili

Kwangu ilikuwa maikrowevu. Wanangu wanaangalia katuni jioni, na kila jioni muda uleule picha inakwama, wanaanza kuniita. Nilidhani ni watu wengi wanaotumia mtandao saa hizo. Siku moja nikaweka glasi ya maji kwenye maikrowevu, nikawasha dakika moja huku natazama TV kupitia mlango wa jikoni. Sekunde chache tu, katuni ikasimama. Maikrowevu ikazima, katuni ikaendelea. Nikarudia mara tatu, ikawa hivyohivyo.

Maikrowevu za nyumbani zinafanya kazi kwenye gigahezi 2.45, yaani katikati kabisa ya bendi ile. Ruta ilikuwa upande wa pili wa ukuta wa jikoni. Nilihamisha TV kwenda 5 na ruta nikaisogeza mbali na jiko. Sasa napasha chakula watoto wakiwa wametulia.

Fundi Waya

Dada hapo juu kapima vizuri sana, hivyo ndivyo inavyotakiwa: badilisha kitu kimoja, tazama, rudia.

Niongezee kuhusu vile vijiti vya kuangalizia filamu za mtandaoni, vya kuchomeka kwenye HDMI nyuma ya TV. Wengi wanakichomeka, kinajificha kabisa kati ya kioo na ukuta, halafu wanalalamika kuwa 5 haishiki. TV ina bamba la chuma mgongoni, na umefungia antena ndogo nyuma yake. Tumia kile kipande kifupi cha waya wa HDMI cha kurefushia, mara nyingi huja ndani ya boksi na watu wanakitupa. Kijiti kikitokeza kidogo pembeni ya TV, mawimbi yanabadilika kabisa. Nimeshafanya hivi kwenye nyumba nyingi na naomba msikitupe.

Jambo la pili ni diski za nje za USB 3.0. Zikiwa karibu na antena zinatoa kelele inayoingia kwenye 2.4. Kama una kisanduku cha kuchezea video chenye diski juu yake, na kiko 2.4, anza kwa kuitenga ile diski.

Zamu ya Usiku

Mimi nilitenganisha majina kama mwanzisha uzi, lakini TV haikuliona jina la 5. Simu inaliona, kompyuta inaliona, TV hakuna. Nikaamini TV yangu ni ya 2.4 pekee. Haikuwa hivyo. Kila bendi imegawanywa kwenye vijia vidogo vyenye namba, ndizo chaneli; ruta ilikuwa imejiwekea chaneli ya 100, na TV yangu haisomi chaneli hizo za katikati. Nikaondoa uchaguzi wa moja kwa moja, nikaweka chaneli ya 44 kwa mkono. Ndani ya dakika moja jina likatokea kwenye TV.

Kuna jambo lingine ambalo limenichukua muda mrefu kuling'amua. Zamani, kila umeme ukikatika na kurudi, TV ilikuwa inarudi 2.4. Sababu ni kwamba chaneli za 52 hadi 144 zinatumiwa na rada pia, kwa hiyo ruta inatakiwa isikilize kwanza walau dakika nzima kabla ya kurusha. Wakati huo 2.4 imeshawaka. TV inaamka, inakuta 2.4 peke yake, inaishika na haiachii tena. Ukiweka chaneli kati ya 36 na 48, kusubiri huko hakupo. Pia ile 2.4 ifute kabisa kwenye kumbukumbu ya TV, isibaki na nywila yake.

Ghorofa ya Tatu

Wakuu, mimi nitaenda kinyume kidogo, maana naona uzi unaelekea kusema 5 ni dawa ya kila kitu.

TV yangu ya chumbani iko nyuma ya kuta mbili za zege. Niliihamisha 5 kwa furaha, ikawa mbaya kuliko mwanzo. Nikachukua programu ya kupima mawimbi kwenye simu: nikisimama karibu na ruta napata hasi 45, nikisimama mbele ya TV ya chumbani napata hasi 81. Namba hiyo kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yanavyokuwa na nguvu, na kwa video nisingependa kushuka chini ya hasi 67. Kwenye 2.4, palepale, nilipata hasi 63. Mawimbi ya 2.4 yanapenya kuta vizuri zaidi.

Nikairudisha. Nikakuta ruta iko chaneli ya 4, inaingiliana na majirani wa chaneli ya 1 na wa 6 kwa pamoja. Nikaipeleka 11, nikapunguza upana wa chaneli uwe megahezi 20. Picha ya HD inahitaji megabiti kama 5 tu kwa sekunde, na hiyo inapatikana bila shida. Chagueni kwa kupima pale TV ilipo, msipime pembeni ya ruta.

Spika Tatu

Baada ya kutenganisha majina, simu yangu ikaacha kuziona spika. Nikarudi kwenye jina moja kwa hasira. Kumbe kosa halikuwa bendi: spika niliziingiza kwenye mtandao wa wageni, na huo unazuia vifaa visionane. Simu ikiwa 5 na spika zikiwa 2.4 za ruta ileile, zinaonana bila tatizo, ni nyumba moja yenye milango miwili. Ila wakati wa kuunganisha spika mara ya kwanza, yangu ilitaka simu nayo iwe 2.4. Nikamaliza, nikairudisha simu 5.

Fundi Waya

Na anayefikiria kuvuta waya wa mtandao kutoka kwenye ruta hadi TV: TV nyingi tundu lake la waya huo lina mwisho wa megabiti 100 kwa sekunde. Halikwami, na picha ya 4K inapita humo kwa raha. Lakini ukipima kasi usishtuke kuona 5 nzuri inalizidi. Mimi bado nachagua waya pale ruta inapokuwa karibu.

Mwanzisha uzi

Nimesoma yote, ahsanteni sana. Nimeangalia ruta yangu sasa hivi: iko chaneli ya 108, kwa hiyo Zamu ya Usiku umeniokoa kabla umeme haujakatika. Nimeiweka 40, nikazima ruta na TV pamoja makusudi, nikawasha. TV imerudi 5 yenyewe.

Ya chumbani nimeipima nikiwa nimesimama mbele yake, hasi 78 kwenye 5. Naiacha 2.4, nayo nitaipeleka chaneli ya 11 leo usiku.