Naomba ushauri: kupanda mti tunajua, lakini aliyeumia huko juu tutamshushaje?

Mpogozi wa Njiro

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Mimi na vijana wangu wawili tunajipatia riziki kwa kupogoa na kuangusha miti kwenye viwanja vya watu hapa Arusha, hasa mijakaranda, migrivea na mikaratusi ambayo ilipandwa ikiwa miche karibu na ukuta na leo imeipita nyumba mara tatu kwa kimo.

Mwezi uliopita kijana mmoja alikuwa kwenye mgrivea, kiasi cha mita 12 kutoka chini, na tawi alilokuwa akilikata lilivunjika kabla ya wakati, likazunguka na kumpiga begani. Mkono wa kulia haukufanya kazi tena. Alikuwa amejifunga kwenye shina kwa kamba ya kiunoni, na kwa kuwa uzito wake wote ulikuwa umeilalia kamba hiyo, fundo lilikaza asiweze kulifungua kwa mkono mmoja. Ngazi yetu inafika mita 6 tu. Nilikwea kwa mikono na miguu hadi alipokuwa, kisha nikagundua kwamba sina la kumsaidia zaidi ya kumshika. Mwishowe tulimpitishia kamba makwapani, nikaikata ile ya kiunoni, na kijana wa pili akishirikiana na mlinzi wa nyumba wakamteremsha kwa kamba waliyoizungusha kwenye shina la mti wa jirani. Ilituchukua karibu saa nzima, na bega lake bado linatibiwa.

Vifaa tulivyonavyo ni kamba ya manila ya plastiki ya milimita 14, kamba ya wapanda milima ya milimita 10 niliyoinunua ikiwa imetumika, hanesi mbili (mikanda ya kuvaa kiunoni na mapajani) za wapanda milima, na karabina sita (pete za metali za kuungia kamba) za kufunga kwa kuzungusha. Nimetenga shilingi 1,800,000. Nianze na kitu gani, na je, kuna utaratibu unaoeleweka wa kumshusha mtu asiyeweza kujisaidia?

Mzee wa Kapi

Mwanangu, pole sana, na umfikishie pole huyo kijana. Nilifanya kazi ya kufunga na kupandisha mizigo kwa miaka mingi, kwa hiyo nitazungumzia kamba na kuwaachia wengine habari za miti.

Hiyo manila ya plastiki iondoe kwenye kazi ya kubeba watu leo hii, wala usingoje fedha za kununua nyingine. Nyingi kati ya hizo ni polipropilini, ambayo huyeyuka ikifika nyuzijoto 165 hivi, wakati nailoni na poliesta huvumilia hadi zaidi ya 200. Mtu anayeshuka kwa fundo la msuguano, yaani linaloshika kamba kwa kuizonga, anazalisha joto palepale kamba inapoumana na kamba, na akishuka haraka mita chache tu, joto hilo linatosha kuilainisha plastiki ile. Itumie kuvutia matawi yaliyokwisha kuanguka.

Ya wapanda milima nayo si mbovu kwa asili yake, ila imetengenezwa kwa kazi nyingine. Imekusudiwa kunyumbuka ili impokee mtu anayeanguka, na kiwango cha Ulaya kinairuhusu irefuke hadi asilimia 10 pale kilo 80 zinapoining'inia bila kuanguka. Ukiwa na mita 20 za kamba kati yako na panda (pale tawi linapoachana na shina, kamba inapotundikwa), unaweza kuzama hadi mita mbili kabla haijakubeba. Kwa mtu mwenye msumeno mkononi hilo ni balaa. Zaidi ya hapo, hujui aliyekutangulia aliifanyia nini.

Tafuta kamba yenye kiini na ala, isiyonyumbuka sana, iliyoandikwa EN 1891 aina A, ambayo ni namba ya kiwango cha Ulaya. Kamba za aina hiyo zinatakiwa zibebe angalau kilonewtoni 22, ambazo ni kama kilo 2,200, lakini kumbuka kwamba fundo laweza kula theluthi moja ya nguvu hiyo, jua hula taratibu, na jino la msumeno hula yote kwa mpigo mmoja. Kila asubuhi ipitishe yote mkononi mwako, kipande kwa kipande, ukitafuta mahali palipolainika, palipovimba au palipong'aa kama pamepigwa pasi. Wala usiisafirishe kwenye buti lenye betri ya gari, kwa maana tindikali huila nailoni bila kuacha alama unayoweza kuiona.

Mkata Miti Ughaibuni

Kaka, mimi hupanda miti Uingereza na nilianza kama wewe, kwa kamba iliyokuwapo. Mzee amemaliza habari za kamba, nami namuunga mkono.

Hanesi za milima zina kitanzi kimoja mbele na hazina pete za ubavuni, ndiyo maana kijana wako alilazimika kuizungusha kamba ya kiunoni atakavyoweza. Hanesi ya mkata miti ina pete mbili za ubavuni kwa ajili ya kujishikiza kwenye shina, na ina daraja la kamba mbele (kamba fupi inayounganisha pande zake mbili) ambalo linakuruhusu ugeuke upande wowote; iliyo kamili huwa na alama za EN 358 na EN 813. Ukipata moja mpya na kamba moja mpya, hiyo ni bora kuliko hanesi mbili za mashaka. Karabina za kuzungusha nazo hulegea zenyewe zikisuguliwa na kamba au gome siku nzima. Nunua zinazojifunga zenyewe na zinazohitaji vitendo vitatu tofauti ili zifunguke.

Jambo lililomnasa kijana wako lilikuwa fundo lisilofunguka likiwa na mzigo. Kamba ya kiunoni inatakiwa iwe na kirekebishi, kiwe cha chuma au fundo la msuguano liitwalo prusiki, ambacho mtu mmoja anaweza kukilegeza kwa mkono mmoja huku uzito ukiwa umeilalia. Kwenye uokoaji wa mazoezi ambao nimeufanya mara nyingi, kinachotuchelewesha karibu kila mara ni kamba hiyo fupi, kwa sababu kamba kuu inashuka vizuri na aliyeumia bado ameng'ang'aniwa na shina.

Huku Kanuni za Kazi za Mahali pa Juu za 2005 zinataka uokoaji upangwe kabla ya kazi kuanza, na mwongozo wa fani yetu unataka watu wasipungue wawili kwenye kila mti, mmoja wa walio chini akiwa na hanesi, kamba na ujuzi wa kupanda mara moja. Kwako hii ina maana kwamba kijana wa pili asiwe mkusanya matawi tu, na kwamba kabla msumeno haujapanda, kamba ya pili iwe imekwisha kutundikwa kwenye panda nzuri, ikining'inia hadi chini na kuachwa hapo. Wewe ulipoteza muda mwingi kwa kukwea, kisha ukafika mikono mitupu.

Utaratibu wenyewe ni huu. Anayeokoa anasimama kwanza na kutazama: je, kuna waya wa umeme, kuna tawi lililonasa, msumeno umezimwa? Anazungumza na aliyeumia wakati mwenzake akipiga simu, kisha anapanda kwa kamba ile ya pili hadi awe juu kidogo ya mgonjwa. Anamuunga kwenye hanesi yake mwenyewe kwa kipande kifupi chenye karabina, anazuia damu kama inatoka, anaangalia kama mfumo wa mgonjwa ni mzima, analegeza kamba ya kiunoni, kisha anashuka akiyaongoza mafundo yote mawili, lake kwa mkono mmoja na la mgonjwa kwa mwingine, kila mtu akibebwa na kamba yake. Mfumo wa mgonjwa ukiwa umeharibika, watu wawili watabebwa na mfumo mmoja, na hapo fundo la msuguano peke yake litakaza au kuungua, kwa hiyo ongeza msuguano chini yake kwa kifaa cha umbo la nane au fundo la Munter (kamba ikizungushwa kwenye karabina). Kisu kiwe chaguo la mwisho kabisa. Kamba iliyokazwa hukatika kwa mguso tu, na yako iko sentimita chache kutoka hapo.

Kijana wa Soweto, Moshi

Mkuu, kuna njia rahisi zaidi. Pitisha kamba juu ya panda, ncha moja uifunge chini ya shina kwenye kifaa cha kushushia, na nyingine aipande mpandaji. Akiumia, walio chini wanamlegezea tu. Unahitaji kamba yenye urefu mara mbili ya mti.

Mkata Miti Ughaibuni

Ndugu yangu wa Moshi, wazo lako ni zuri na mimi mwenyewe hulitumia, lakini hesabu ya mara mbili itamwacha mtu hewani. Panda ikiwa mita 15, unahitaji mita 15 za kupanda kutoka kwenye kifaa hadi pandani na mita 15 za kushuka upande wa mpandaji. Akiumia akiwa karibu na panda, unahitaji mita 15 nyingine za akiba nyuma ya kifaa ili umteremshe hadi chini. Jumla ni 45, yaani mara tatu. Na akiba hiyo isiwe na fundo la kuungia, kwa sababu halitapita kwenye kifaa.

Kuna mambo mengine mawili. Kamba ikifungwa chini, panda inabeba karibu mara mbili ya uzito wa mpandaji, kwa sababu inavutwa kutoka pande zote mbili. Mtu wa kilo 80 anaiwekea karibu kilo 160, hata zaidi akirukaruka wakati wa kukwea. Kwenye mgrivea, ambao matawi yake huvunjika bila onyo, mimi ningechagua panda iliyo kwenye shina kuu na isiyopungua unene wa paja, kisha ningeijaribu kwa watu wawili kuining'inia kabla ya mmoja kuipanda. La pili ni kwamba kamba inayoshuka kando ya shina inaweza kukatwa na mpandaji mwenyewe, au na tawi linaloanguka. Njia hii haimshushi aliyejishikiza kwa kamba ya kiunoni pia, na anayekata kwa msumeno wa mnyororo anatakiwa awe ameshikizwa mahali pawili. Kwa hiyo haiondoi haja ya mtu wa kupanda kumfuata.

Muuguzi Zamu ya Usiku

Naomba niongeze la upande wetu. Jeraha la msumeno wa mnyororo kwenye paja au mkono linaweza kummaliza mtu kwa dakika chache, kabla hamjamaliza hata kutundika kamba. Kila anayepanda awe na bandeji kubwa ya kukandamiza kwenye hanesi yake, mahali ambapo mkono wowote unafika, na ajue kujifunga mwenyewe. Hiyo ni bei ndogo sana kwenye bajeti yako, ningeiweka mwanzoni.

Mtu anayening'inia bila kusogeza miguu, damu hutuama miguuni na anaweza kupoteza fahamu hata kama hana jeraha. Akiwa bado na fahamu, mwambieni akanyage tawi au kitanzi cha kamba na kuchezesha miguu. Zamani ilifundishwa kwamba akishushwa asilazwe, aketishwe kwanza. Mapitio yaliyofanywa na mamlaka ya usalama kazini ya Uingereza mwaka 2009 hayakupata ushahidi wa kuunga mkono jambo hilo, kwa hiyo mlazeni chali na mumhudumie kama mgonjwa mwingine yeyote. Kamba ya makwapani mliyotumia, ndugu Mpogozi, naelewa hamkuwa na namna, ila kwa mtu mwenye bega lililoteguka iliongeza maumivu na ingeweza kumchomoka kabisa.

Mpogozi wa Njiro

Nawashukuru sana wote, shikamoo Mzee wa Kapi. Nina swali moja: mikaratusi mingine imegusana na nyaya za umeme. Mtu akinaswa huko, utaratibu ni huohuo?

Mzee wa Kapi

Marahaba. Hapana, si huohuo. Kama mti, kamba au mtu anagusa waya, asipande mtu yeyote, wala asiguse shina, hadi TANESCO wathibitishe kwamba laini imekatwa. Njia za usambazaji zinazopita mitaani hubeba volti 11,000 au 33,000, na mti mbichi, hasa ulionyeshewa, hupitisha umeme. Wamarekani kwenye kiwango chao cha wakata miti humtaka asiyefunzwa kazi za umeme akae angalau mita 3 kutoka kwenye nyaya za namna hiyo, yeye pamoja na msumeno wake. Miti ya namna hiyo iombeeni kukatiwa umeme kabla ya kuanza, na kazi ikikataliwa na mwenye nyumba kwa sababu ya kuchelewa, iacheni. Namba 114 ya Zimamoto na Uokoaji iandikeni kwenye simu za wote watatu.

Mpogozi wa Njiro

Narudi baada ya wiki tatu. Nimenunua hanesi moja ya wakata miti, kamba ya EN 1891 ya mita 45, karabina nne za vitendo vitatu, kamba ya kiunoni yenye kirekebishi, na bandeji. Fedha zimeisha, kwa hiyo yule wa chini bado anatumia hanesi ya milima, na kamba ya wapanda milima imebaki kuwa ya uokoaji hadi tutakapopata nyingine.

Jumamosi tulifanya zoezi kwenye mjakaranda nyuma ya nyumba yangu. Mimi nilijifanya nimeumia nikiwa mita 4 tu, na kijana akapanda kunifuata. Mara ya kwanza alitumia dakika 31, ambazo 10 kati yake zilipotea kwa sababu aliniunga kabla hajapanda juu yangu, akashindwa kuifikia kamba yangu ya kiunoni. Mara ya nne tulitumia dakika 12. Mzee, ile kamba ya milima ilizama kama ulivyosema, akawa kila akijivuta anarudi chini. Jumamosi ijayo tutapanda hadi mita 8.

Mkata Miti Ughaibuni

Hongereni. Kabla ya kwenda mita 8, badilishaneni kwanza: yeye aumie, wewe uokoe. Na yule kijana mwenye bega akipona, naye aingie kwenye zamu.