Diski C imejaa ila sioni kilichoijaza, naomba ushauri

Habari zenu wakuu. Kompyuta ya nyumbani, Windows 10, diski ya SSD ya GB 120 (yenyewe inaonyesha 111). C imebakiwa na GB 3, masasisho yanagoma. Nimeshafuta mafaili ya muda (Temp), nimeendesha Disk Cleanup upande wa faili za mfumo hadi Windows.old (mabaki ya Windows ya awali) ikaondoka, na amri ya powercfg /h off imefuta hiberfil.sys, faili la hibernate. Video zote ziko D.

Ajabu, nikijumlisha mafaili ya C pamoja na yaliyofichwa, hayafiki GB 70. Nashuku System Volume Information, folda inayotunza restore point (kumbukumbu za kurudisha mfumo ulivyokuwa), maana haifunguki hata kwa admin.

Je, nikipunguza nafasi ya restore point hadi asilimia 5, zinafutika zote au za zamani tu? Na pagefile.sys (faili linalosaidia RAM ikijaa) nikiihamishia D, ambayo ni HDD, diski ya polepole kuliko SSD, mashine yenye RAM GB 4 itakuwa nzito?