Mrejesho: kijana wangu na vikao vya ushauri nasaha

Wapendwa, mwezi wa tatu niliwauliza kwa nini mwanangu wa miaka 15, mwenye usonji, alikuwa akitoka kwa mshauri amevurugika kuliko alivyoingia. Asanteni sana.

Mama mmoja alinijibu kwa swali: je, anaweza kutaja anachohisi? Hapo ndipo penye shida. Watu wengi wenye usonji hupata ugumu kutambua hisia zao, na yeye kila kikao aliulizwa "unajisikiaje?" Mshauri mpya anampa mchoro wa mwili, naye anaweka kidole: tumbo limekaza, mikono ya moto. Maswali anamtumia WhatsApp siku moja kabla. Hamlazimishi amtazame machoni.

Kufumba macho na kuhesabu pumzi ili atulie tumeacha, kulimzidishia hofu. Sasa ni maji baridi usoni, maana hupunguza kasi ya moyo. Jumanne tukitoka tao, yaani katikati ya Nairobi, matatu ilipiga muziki hadi viti vikatetemeka. Akavaa hedifoni za kuzuia kelele, akatoa chupa ya maji baridi, akaibana shavuni. Tulifika Kayole bila yeye kugonga kichwa dirishani. Nililia kimyakimya.

Shuleni bado. Mwalimu anaona ni utundu tu. Ijumaa naenda kuongea naye, na ule mchoro nitaubeba.