OJ Simpson na Oscar Pistorius: utetezi wa nani ulikuwa na akili zaidi?

Mzee wa Hoja
Wakuu salaam. Kuna ubishi kazini haujaisha wiki nzima nauleta kwa wabobezi. Mawakili wa OJ, nyota wa zamani wa soka la Kimarekani aliyeshtakiwa kumuua mtalaka wake Nicole na rafiki yake Ron Goldman (Los Angeles, hukumu Oktoba 1995), hawakuhangaika sana kusimulia usiku ule kilitokea nini, wao ni kuwachana polisi tu, na mteja wao hakutoa ushahidi hata siku moja. Wakili Barry Roux kule Pretoria 2014 akampandisha kizimbani Oscar, mkimbiaji wa miguu ya bandia aliyempiga risasi mpenzi wake Reeva Steenkamp, jamaa akalia weee halafu mwendesha mashtaka Gerrie Nel akamchambua kama karanga. Mimi nasema kina Johnnie Cochran, mawakili wa OJ, walicheza vizuri zaidi. Mnasemaje?

binti_Pongwe
Mkuu umelinganisha watu wenye shida mbili tofauti. OJ alikana kabisa kwamba si yeye, aliyekana anaweza kukaa kimya upande wa mashtaka ndo wahangaike kuthibitisha. Oscar risasi nne kapiga mwenyewe na kakubali, mlango wa choo alioupiga ukaletwa mpaka mahakamani, kilichobaki ni alikuwa anawaza nini wakati anafyatua. Hicho anakijua yeye tu, sasa akinyamaza nani amsemee? Roux hakuwa na pa kwenda.

Kibarazani
Na Cochran mnampa sifa za watu wengine. Zile glovu za ushahidi ni waendesha mashtaka wenyewe walijichimbia, mwenzao Darden ndo alimwambia OJ azivae mbele ya juri zikaonekana zinambana, utetezi hawakuomba. Kazi kubwa aliifanya wakili mwingine wa OJ, Barry Scheck, alimweka mtaalamu wa polisi wa kukusanya vielelezo Dennis Fung siku kadhaa anamuuliza damu mliokotaje, mlihifadhi wapi, nani alishika. Halafu ikajulikana mpelelezi Vannatter alichukua kichupa cha damu ya OJ akazunguka nacho mpaka nyumbani kwa OJ badala ya kukikabidhi palepale, hapo hata DNA iwe safi vipi mtu anaanza kujiuliza. Mpelelezi mwingine Fuhrman ndo akamalizia, kaapa miaka kumi hajatamka lile tusi la watu weusi, kanda zikatoka anatamka kama anapumua. Na LA ile ni miaka 3 tu tangu vurugu za Rodney King (polisi waliompiga mtu mweusi wakaachiwa), juri watu 12, tisa weusi. Kesi ya miezi zaidi ya minane, wakaamua kwa muda usiofika saa 4.

Wa Likoni
Sasa huo mchezo ungemuendea wapi Jaji Masipa wa kesi ya Oscar? Afrika Kusini juri ilifutwa 1969, pale ni jaji na washauri wawili, na wale si kama wazee wa baraza tuliokuwa nao ambao jaji akitaka aliwasikiliza asipotaka basi, wale kwenye mambo ya ushahidi kura zao zinahesabika. Huwezi kumpigia mistari ya mashairi ya Cochran jaji ambaye ataandika sababu zake zote zisomwe na mahakama ya rufaa.

Mzee wa Hoja
Kwa hiyo Roux hakukosea popote?

binti_Pongwe
Alikosea sana tu. Oscar alisema alidhani ni mwizi akapiga kujilinda, akibanwa na maswali ya Nel anasema risasi zilitoka kabla hajafikiri. Hizo ni tetezi mbili na zinapigana, Nel akamwambia chagua moja. Wakaleta daktari kusema ana ugonjwa wa wasiwasi, Nel akadaka hapohapo akaomba apimwe akili, Oscar akapelekwa kupimwa Weskoppies, hospitali ya magonjwa ya akili, majibu yakarudi kwamba alijua jema na baya. Na lile shtaka lake jingine, la bastola kulia kwenye mgahawa wa Tasha's mimi mpaka leo silielewi, anasema hakugusa kifyatulio wakati mtaalamu keshasema ile silaha hailii yenyewe. Kwa kesi ndogo vile unampa mtu nafasi ya kukuita mwongo kwenye kesi kubwa!

Kibarazani
Lakini Masipa alimwita shahidi mbovu na bado akampa kuua bila kukusudia, miaka 5. Kwa hiyo Roux alishinda raundi ya kwanza. Rufaa ndo Desemba 2015 wakasema haijalishi nyuma ya mlango alikuwa Reeva au mwizi, ukipiga risasi nne kwenye choo kidogo vile unajua mtu atakufa, ikawa mauaji, na 2017 ikafika miaka 13 na miezi 5. Kwa OJ juri wakishasema hana hatia hakuna rufaa. Ila kesi ya madai ya familia za marehemu alilazimika kuongea, akakana kuwa na viatu vya Bruno Magli, ambavyo nyayo zake zilikutwa kwenye damu, picha zikaletwa amevivaa. Akaamriwa kulipa dola milioni 33.5.

Wa Likoni
Kitu mnasahau, Roux alijaribu ya Cochran pia. Kwenye dhamana Februari 2013 alimvua nguo kwa maswali mpelelezi Hilton Botha, ambaye akaondolewa kwenye kesi ilipojulikana ana mashtaka yake mwenyewe ya kujaribu kuua. Shida ni palepale Oscar aliweka kiapo cha maandishi kinachoeleza usiku mzima, na mwaka uliofuata kila neno akarudishiwa.

Mzee wa Hoja
Si angenyamaza tu kwenye dhamana?

Wa Likoni
Kwa sheria yao kosa la kundi lile mshtakiwa ndo anatakiwa aonyeshe sababu za kipekee za kuachiwa. Akinyamaza anakaa mahabusu mpaka Machi 2014, na kumbuka jamaa hana miguu.

binti_Pongwe
Mimi ningemwacha akae.