Tupeane uzoefu: umewahi kusaka nyaraka za zamani Mbeya, Iringa au Nyanda za Juu Kusini kwa ajili ya utafiti? Ulikutana na nini?

Mwana Isyonje (mleta mada):
Wadau, kamwene wa Iringa, mugonile wa Rungwe. Wiki hii kijana wa chuo kaniuliza atapata wapi rekodi za mvua za Rungwe za kabla ya uhuru. Nikamwambia aende misheni, aende mashamba ya chai, awatafute wazee waliokuwa makarani. Alitegemea nimtajie tovuti.

Mimi ni mtu wa kilimo, lakini taarifa bora nilizowahi kuzishika nimezitoa kwenye barua za wamisionari. Wamoravian na wale wa misheni ya Berlin waliingia Unyakyusa mwaka mmoja, 1891, na kila mara waliandika kwao: mvua imechelewa, ng'ombe wanakufa kwa sotoka, watu wanakula migomba. Hawakuwa wanafanya utafiti wa kilimo, walikuwa wanaripoti kwa wakubwa wao. Leo barua hizo zinanisaidia kuliko ripoti nyingi za kitaalamu. Naamini kabisa nyaraka unayoihitaji mara nyingi inalala kwenye kabati la fani nyingine. Kila mtu aseme yake: ulitafuta nini, uliikuta kwa nani, ilikuwa katika hali gani.

Kijana wa Soweto:
Naweka kambi hapa.

Mpasua Mwamba:
Umenigusa. Mimi ni wa jiolojia. Tarehe 13 Desemba 1910 lilipiga tetemeko la Rukwa, ukubwa wa karibu 7.4, miongoni mwa makubwa kabisa Afrika katika karne ya 20. Vipima mitetemo wakati ule vilikuwa vichache, tena mbali. Ukitaka kujua ardhi ilitikisika kiasi gani sehemu hii na ile, kimbilio ni maandishi ya waliokuwepo: nani kaandika ukuta umepasuka, nani alishindwa kusimama, jengo gani lilibaki salama. Ndiyo maana mtu wa miamba nimekaa na karatasi za kanisa nikichora ramani. Wenzangu wakadhani nimehama fani. Lakini bonde la ufa halijalala, na Mbeya ya leo ina nyumba za matofali nyingi mno kuliko ya wakati ule. Hizo barua zina kazi bado.

Dada wa Makambako:
Kweli tupu.

Mnyalukolo:
Mleta mada umenitonesha kidonda. Acha niandike, hata kama ni refu.

Nilikuwa nasaka madaftari ya mvua upande wa Mufindi. Ofisi siitaji. Huku kwetu mvua ni msimu mmoja, Novemba mpaka Aprili au Mei, na swali langu lilikuwa dogo: zamani mvua ya kupandia ilikuwa inashika lini? Jumla ya mwezi haikusaidii hapo. Unahitaji siku kwa siku. Niliambiwa na mtu wa uhakika kwamba madaftari ya siku kwa siku yapo, yameanza tangu enzi za Mwingereza, hayajakatika.

Nikaanza safari ya barua. Chuo kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, mkoa kwenda wilayani, wilaya kwenda hapo ofisini. Nimefika na mihuri yote. Karani akanipokea vizuri, akanipa kiti, akasoma barua mpaka mwisho. Kisha akatulia. Akaniuliza, "Kaka, ni yale madaftari makubwa ya jalada jekundu?" Nikasema ndiyo hayo. Akasema, "Tulikuwa na ugeni wa kitaifa. Tukaagizwa ile stoo isafishwe."

Akanipeleka nyuma ya jengo, kwenye shimo la taka. Majivu yalikuwa yameshanyeshewa. Nikachutama nikaanza kufukua kwa kijiti. Nilipata vibanio vya chuma vya majalada, na kona moja ya ukurasa ambayo moto haukuifikia: mwezi, tarehe, na tarakimu za wino wa bluu, zimeandikwa kwa mwandiko mzuri sana. Mtu aliamka kila siku kwa miaka, akaenda kusoma kipimo, akaandika vile. Machozi yalinitoka mbele ya karani, na yeye akabaki kaangalia chini, maana hakuwa yeye aliyeagiza.

Sasa sikilizeni. Huyo karani ndiye aliyenitajia mzee aliyekuwa msoma kipimo. Nikamfuata kijijini kwake. Mzee kanisikiliza, kaingia ndani, katoka na sanduku la bati. Ndani madaftari ya shule. Alikuwa anaogopa siku moja aambiwe hakusoma kipimo, kwa hiyo kila saa tatu asubuhi akishaandika kwenye kitabu cha ofisi, jioni anaandika tena nyumbani kwake. Hayakufika nyuma mpaka kwa Mwingereza, ila miaka yake yote ya kazi imo. Utafiti wangu ulisimama kwa sanduku lile.

Dada wa Makambako:
Ugeni umeua nyaraka kuliko mchwa. Pole sana kaka.

Kijana wa Soweto:
Dah. Ushauri wangu: ukifika ofisini, toa simu, piga picha kila ukurasa siku hiyo hiyo. Maelezo baadaye. Kesho utakuta majivu.

Mama Masjala:
Mwanangu, ukitoa simu kabla hujamaliza salamu, kabati linafungwa na ufunguo unapotea. Nimefanya kazi masjala mpaka nimestaafu, najua ninachosema. Kaa, salimia, eleza shida yako, rudi hata kesho yake.

Na wewe Mnyalukolo, ulichoshuhudia ni kuvunja sheria, watu wasikwambie ni usafi. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Na. 3 ya mwaka 2002, hairuhusu ofisi ya umma kuteketeza kumbukumbu kwa kujiamulia. Kuna ratiba, na kuna idhini ya Mkurugenzi wa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka. Kweli si kila karatasi hutunzwa milele, lakini anayeamua si mwenye kiberiti.

Kijana wa Soweto:
Shikamoo mama. Sheria tunaiheshimu, ila sheria hiyo ilikuwepo na madaftari yameungua. Picha haiungui.

Mama Masjala:
Marahaba. Picha iliyoko kwenye simu moja inapotea siku simu inapoibiwa Mwanjelwa.

Mwalimu wa Zamu:
Wote mko sahihi, tuendelee. Nawapa kitu kitakachowapunguzia kuhangaika. Ukienda Nyaraka za Taifa pale Upanga, Dar es Salaam, na ukataka habari za Mjerumani kuhusu Tukuyu, usitafute Tukuyu. Tafuta Neu-Langenburg. Kalenga itafute kama Alt-Iringa. Wanyakyusa wengi wameandikwa Konde. Faili za Mwingereza ziko chini ya Jimbo la Nyanda za Juu Kusini, hazifuati mikoa ya leo. Na baadhi ya mambo yetu hayako nchini kabisa: karatasi za Godfrey na Monica Wilson, walioishi na Wanyakyusa miaka ya 1930, ziko Chuo Kikuu cha Cape Town. Barua za Wamoravian nyingi ziko Herrnhut, Ujerumani, na zile za zamani ziko katika mwandiko ambao hata Mjerumani wa leo hausomi bila kufundishwa.

Kijana wa Soweto:
Mwalimu ndaga fijo. Ila tusisahau wazee wetu nao ni maktaba. Kimondo chetu cha hapa Mbeya, tani 12 hivi, kinasemwa "kiligunduliwa" 1930 na mpima ardhi. Wenyeji walikuwa wanakijua siku zote!

Mtu wa Vwawa:
Kimondo kiko Mbozi, Mbozi iko Songwe. Songwe ni mkoa tangu 2016. Mnatuchukulia kila kitu.

Kijana wa Soweto:
Kwenye mafaili yote kiko Mbeya. Ndiyo mada yenyewe hiyo.

Mtu wa Vwawa:
Basi na wewe kwenye mafaili uko jimboni. Badilisha anwani.

Mtani wa Wahehe:
Tukiwa kwenye ukweli wa nyaraka, mnyalukolo mmoja anieleze: lile fuvu la Kalenga ni la Mkwawa kweli?

Mnyalukolo:
Ulikuwa unangoja nafasi tu wewe. Mtwa Mkwawa alijiua Julai 1898 akizingirwa, kichwa kikakatwa na Wajerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919 ukaandika wazi, kifungu cha 246, kwamba fuvu lirudishwe. Likarudi 1954, Gavana Twining akalikabidhi kwa Chifu Adam Sapi pale Kalenga. Unataka nini tena?

Mtani wa Wahehe:
Nataka ujue Twining alilipataje. Alikwenda makumbusho ya Bremen, kuna mafuvu mengi, akachagua kwa kulinganisha vipimo vya kichwa na vya ndugu wa Mkwawa. Hapo hakuna uthibitisho.

Mwalimu wa Zamu:
Wanahistoria wanabishana juu ya hilo kwa haki. Lakini angalieni lilivyopita: mkataba wa kisheria, kumbukumbu za makumbusho, vipimo vya miili, na kumbukumbu za ukoo. Hakuna fani moja ingelimaliza peke yake. Na utani usiwafanye msahau kwamba kwa watu wa Kalenga huyo ni babu.

Binti Tukuyu:
Mmetaja ukoo. Sikupanga kuandika, lakini nimeshindwa.

Utafiti wangu ulikuwa afya ya wafanyakazi kwenye machimbo ya dhahabu ya Lupa, Chunya, miaka ya 1930 dhahabu ilipokuwa imepamba moto. Nilikuwa nasoma faili la mali za vibarua waliofariki. Jina, jina la baba, kijiji, jina la malafyale (chifu) wake, ugonjwa, vitu alivyoacha. Nasoma, nanakili magonjwa. Nikafika kwenye jina la kaka mkubwa wa babu yangu.

Jina la baba ni lenyewe. Kijiji ni chenyewe. Malafyale ni mwenyewe. Nimonia. Ameacha blanketi, sufuria, na mshahara ambao hakuna aliyejitokeza kuuchukua.

Nyumbani tumekua tukiambiwa huyo babu alikimbilia Kusini, akaoa huko, akaitelekeza familia. Mke wake alilaumiwa kwamba mdomo wake ndio uliomkimbiza, akarudishwa kwao na mtoto mgongoni. Uzao wa yule mtoto mpaka leo wakija kwenye misiba yetu wanakaa pembeni. Kwenye ardhi ya ukoo hawana hata mgomba. Na mtu mwenyewe alifia Chunya akitafuta hela ya kodi, asizidi safari ya siku chache kutoka nyumbani.

Nilifunga faili nikatoka nje. Sikuweza kurudi mle ndani siku ile.

Dada wa Makambako:
Jamani. Nimesimama na simu mkononi.

Mpasua Mwamba:
Uliwaambia?

Kijana wa Soweto:
Endelea dada, usituache hapo!

Wakili wa Mtaani:
Omba nakala iliyogongwa muhuri. Hiyo inaweza kubadilisha mgawanyo wa ardhi.

Mama Masjala:
Polepole. Uliingia mle kwa kibali cha utafiti wa afya. Majina ya marehemu si mali yako kuyatembeza. Ongea kwanza na mkubwa wa ukoo.

Mnyalukolo:
Mama, samahani, hapo sikubaliani nawe. Kuna watu wamebeba lawama vizazi vitatu. Usiri unamlinda nani?

Mama Masjala:
Unamlinda anayefuata kuandikwa, mwanangu. Leo ni babu yake, kesho ni rejista ya hospitali yenye jina lako.

Mtani wa Wahehe:
Usiseme kitu, ukoo utaanza kugombana. Au sema, wagombane, wapatane. Mimi ningesema.

Mchuma Majani:
Najua kila mtu yuko kwa Binti Tukuyu, niweke langu haraka. Watu wa mimea: Adolf Stolz, mmisionari wa Kyimbila, alikusanya maelfu ya mimea ya Rungwe kabla ya vita ya kwanza. Hifadhi ya mimea ya Berlin iliungua kwa mabomu Machi 1943 na mengi yakateketea. Ila alikuwa anatuma nakala za mmea huohuo kwenye hifadhi nyingine pia. Ukiambiwa kilichokuwa Berlin kimeungua, usikate tamaa, ulizia nakala hifadhi ya Kew, Uingereza, na kwingineko. Nimepata hivyo mmea kutoka kwenye mlima ambao leo ni shamba la viazi.

Mpasua Mwamba:
Na tope nalo ni nyaraka. Ziwa Kisiba pale Masoko watu wanalijua kwa hela za Mjerumani zinazosemwa zilitupwa humo, lakini tope lililotolewa chini yake lina kumbukumbu ya zaidi ya miaka 40,000: chavua, majivu ya volkano. Halina ofisi ya kulichoma moto.

Mwana Isyonje:
Mchuma Majani, asante, hilo la nakala ni zito. Mnyalukolo, yale madaftari ya mzee yako wapi sasa?

Mnyalukolo:
Asili amebaki nayo mwenyewe, ni yake. Nilimwachia nakala moja, moja iko chuoni, moja nimempa mjukuu wake anayesoma hali ya hewa.

Binti Tukuyu:
Nimesoma ushauri wote. Nilishamwambia baba yangu mdogo, ndiye mkubwa aliyebaki. Alikaa kimya jioni nzima, kisha akasema tukawaite wale wa upande wa pili, waje wakae kwenye mkeka na sisi, ndipo jina lisomwe. Kikao ni baada ya mavuno ya kahawa. Nakala yenye muhuri nimeiomba, naisubiri. La ardhi wataamua wao.

Wakili wa Mtaani:
Andikeni muhtasari wa kikao, wote wasaini.

Mama Masjala:
Hapo sawa kabisa binti yangu. Na huo ukurasa usiuweke humu.

Dada wa Makambako:
Tunasubiri mrejesho.