Mikopo ya simu: Shangazi kaambiwa "hujakidhi vigezo" na mashine, na hakuna binadamu wa kumuuliza

Wakuu, habari za muda huu. Mods naomba uzi huu msiupeleke jukwaa la teknolojia. Hii ni ishu ya biashara na haki za watu.

Shangazi yangu anauza dagaa Mwaloni Kirumba, hapa Mwanza. Yupo pale tangu sisi tukiwa watoto. Mzigo anaufuata Ukerewe na Ukara, na wateja wake wakubwa ni Wakongo, watu wa keshi mkononi. Giza likikaribia (zile siku zisizo na mwezi, ndipo dagaa huvuliwa) anakopa kwenye simu, analipia mzigo, anauza, anarudisha. Deni hajawahi kulichelewesha. Safari hii kaomba kama kawaida, jibu likaja hata simu hajaiweka chini: "Samahani, hujakidhi vigezo." Kuangalia kiwango chake cha kukopa, sifuri.

Kwa msiojua dagaa: wanavuliwa usiku kwa taa, kwa sababu wanafuata mwanga. Mwezi ukiwa mpevu ziwa zima linang'aa, taa haivuti kitu, basi mitumbwi inalala na wavuvi wanashona nyavu. Biashara yote inakwenda hivyo, hekaheka halafu kimya, kila mwezi. Mtoto yeyote wa Igombe atakueleza hilo. Sasa mashine inayosoma miamala inaona hela zimeingia, zikakata ghafla, halafu mwenye simu hapatikani siku kadhaa (visiwani huko mtandao ni wa kubahatisha). Keshi ya Mkongo haiioni kabisa. Nahisi hapo ndipo ilipomhesabu kuwa biashara imemfia. Nahisi tu, maana hakuna aliyetueleza, na hilo ndilo lililonifanya nifungue uzi.

Tukapiga huduma kwa wateja, tukaambiwa tuandike kwa "msaidizi" kwenye programu. Roboti. Kiswahili chake kimenyooka kama cha mtangazaji. Nikaandika, "Mama huyu kosa lake ni nini?" Ikajibu, "Pole sana kwa usumbufu. Maamuzi hufanywa na mfumo kwa kuzingatia vigezo mbalimbali." Vigezo gani? "Nimekuelewa. Je, ungependa kufahamu faida za kulipa mkopo kwa wakati?" Shangazi aliponyang'anya simu na kuitukana kwa Kisukuma, ikamshukuru kwa maoni yake.

Na msije na "hayo ni matapeli, mngekopa sehemu yenye leseni." Najua BoT (Benki Kuu) mwaka 2024 ilitangaza programu 69 za mikopo zisizo na kibali. Hawa hawamo, hawa wana leseni. Wala sitetei kausha damu, wale wakopeshaji wa mtaani wa riba ya kuumiza. Lakini hata kausha damu ana sura, unamkuta kijiweni unamwambia mitumbwi imelala, subiri giza. Kwenye kikoba ndiyo kabisa, mnajuana hadi majina ya watoto.

Shida yangu si kompyuta kupiga hesabu. Ipige. Shida ni kuipa neno la mwisho kuhusu riziki ya mtu ambaye haijui kazi yake, halafu wote wenye mfumo wanajificha nyuma yake. Ukimuuliza wakala, "ni mfumo." Meneja naye, "ni mfumo." Huo mfumo ulijipandisha wenyewe kwenye simu ya shangazi? Kuna mtu alichagua uangalie nini na uache nini, na huyo mtu ana mshahara.

Tusidhani ni ushamba wa kwetu. Uholanzi, mamlaka ya kodi iliwaandama maelfu ya wazazi kwa tuhuma za kudanganya kwenye posho ya malezi ya watoto, na kati ya vitu ambavyo mfumo wao wa kupima hatari uliangalia ni uraia wa mtu. Familia zilidaiwa hadi zikafilisika. Januari 2021 serikali nzima ya waziri mkuu wa wakati huo, Mark Rutte, ikajiuzulu. Na sheria ya akili mnemba ya Umoja wa Ulaya ya 2024 imeiweka mifumo ya kupima nani anakopesheka kwenye kundi la hatari kubwa, lazima iwe na binadamu wa kuisimamia. Wenye mashine zao wenyewe hawaziamini kiasi hicho, sisi tunazimezea tu.

Kumbe hata hapa sheria ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inampa mtu haki ya kukataa uamuzi mzito juu yake ufanywe na mashine peke yake. Nimewaandikia hawa jamaa nikiitaja sheria hiyo, nikaomba mambo mawili: binadamu aliangalie ombi upya, na watuambie ni taarifa zipi za simu ya shangazi walizotumia. Majibu? "Pole sana kwa usumbufu."

Giza lenyewe ndilo hili linaingia. Wenzake wameshapanda boti, yeye anahangaika kukusanya hela kwa ndugu.

Sasa wadau, mwenye uzoefu wa kupeleka lalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi anipe utaratibu. Linaenda kwa barua au kwa mtandao? Picha za mazungumzo na roboti zinatosha kama ushahidi, au watataka kitu kingine? Na wauza dagaa wengine wa Kirumba, Igombe na Kayenze mliokutana na hii kitu, njooni PM. Lalamiko la mtu mmoja watalikalia.