Mvua zimekata, haya majani ya mwembe nichome au? Na maboga nayavunaje?

Mama Nai, Shangani
Wakuu habari zenu. Niko Mtwara mjini, kusi inapiga kweli na uwanja wote umejaa majani ya mwembe na ya mkorosho wa jirani, nikifagia asubuhi jioni yamerudi. Bustani nyuma ya jiko kunde zimekauka, maboga yametambaa mpaka kwenye uzio, nyanya majani yana madoa meusi yananyauka. Mama mkwe anataka nirundike vyote nipige kiberiti. Mi nasita, maana mchanga wetu huu ukimwagia maji yanazama yote.

Mzee wa Newala
Usichome mwanangu. Mchanga hauna kitu cha kushika maji, hayo majani yakioza ndo yanashika. Ila ya mwembe na mkorosho ni magumu, yakate kate na panga, changanya na samadi ya mbuzi na maganda ya jikoni, mwagia maji ya kuoshea vyombo yasiyo na sabuni nyingi, funika na makuti, geuza geuza mpaka mvua za mwezi wa 12 zikukute na mboji. Hizo nyanya zinazoumwa ndo ung'oe uchome peke yake, tena mbali na mikorosho. Moto wa kiangazi ukiingia kwenye nyasi chini ya mikorosho hauzimiki, na mche mpya mpaka uanze kuzaa ni miaka 3 hivi, inauma sana.

binti_mikindani
Shikamoo mzee. Naongezea tu, lundo lisikae karibu na ukuta, majani makavu yanaita mchwa na nyumba zetu nyingi ni za miti na udongo. Dada, boga subiri kikonyo kikauke na ngozi ikatae ukucha, kata ukiacha kikonyo kirefu kidogo, usilibebe kwa kikonyo kikikatika linaoza hapo hapo. Liweke juu ya kichanja lisiguse sakafu. Kunde anika mpaka ukiing'ata inapasuka, changanya na majivu yaliyopoa uzibe vizuri kwenye dumu, wadudu wanakosa hewa.

Mama Nai, Shangani
Asanteni jamani, mama mkwe nimemsomea kakubali ila hizo nyanya zinazoumwa kasema atazichoma mwenyewe. Sasa mchicha naweza kupanda sa hivi?

Kaka wa Nyangao
Panda tu, wiki 3 mpaka 4 unachuma. Ila kiangazi usiinue tuta, fanya kitalu cha kuzama, chimba kishuke kidogo kuliko njia ili maji yabaki kwenye mizizi, kisha tandaza majani juu. Na jirani akianza kupuliza salfa, ile dawa ya unga ya ukungu, kwenye mkorosho wake mwambie akushtue mapema ufunike, lile vumbi linaunguza majani ya maboga, na mboga iliyopata vumbi ioshe sana kabla ya kupika.